Somo wetu Katarina wa Siena: hakwenda shule, basi alifundishaje?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ambayo somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, ni Mtakatifu Katarina wa Siena. Sikukuu ya somo ni tarehe 29 Aprili na nimepewa kazi ya kueleza maisha yake. Nimekwama mahali patatu. Wanasema hakwenda shule, ikawaje aitwe Mwalimu wa Kanisa? Je, ni kweli alimwamuru Papa? La tatu linanigusa nyumbani: binti yangu wa miaka 17 naye anaitwa Katarina. Amesikia kwamba somo wake aliishi kwa Ekaristi peke yake. Kwaresima imepita, yeye bado anakataa chakula. Nimwambie nini?

JIBU: Milele amina, mama. Naanza na la tatu, maana hilo halingoji sikukuu. Mpeleke binti yako hospitali wiki hii, umweleze daktari kila kitu bila kuficha: ameanza lini, anakula nini, amepungua kiasi gani, kama anapata hedhi, kama anaanguka. Usibishane naye mambo ya dini mezani. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi huumwa akilini kama anavyoumwa mwilini, na hoja hazimfikii. Mwambie unampenda, umshike mkono, mwende. Habari za somo wake nitazieleza hapa chini, tena kwa maneno ya Katarina mwenyewe, kwa sababu aliwahi kuandikia mtu aliyekuwa katika hali kama hiyo.

Sasa turudi mwanzo. Katika jumuiya nyingi nimesikia Katarina wawili wakichanganywa. Wa Aleksandria, yule anayechorwa na gurudumu, sikukuu yake ni 25 Novemba naye aliishi miaka mingi sana kabla. Wenu ni wa Siena, mji wa mlimani katika Toscana, Italia. Alizaliwa mwaka 1347. Baba yake, Giacomo Benincasa, alikuwa mtia rangi wa nguo za sufu, na nyumba yao ilikuwa mtaa wa Fontebranda, karibu na chemchemi ambayo watia rangi na watengeneza ngozi walichota maji. Mama yake aliitwa Lapa. Lapa alizaa watoto wapatao 25, na Katarina alikuja karibu na mwisho, akiwa pacha. Maziwa ya mama hayakuwatosha wote wawili. Lapa alimnyonyesha Katarina, pacha mwenzake Giovanna akapewa mnyonyeshaji, naye hakuishi. Katarina alikua akijua kwamba yeye ndiye aliyebaki.

Mwaka uliofuata, 1348, tauni iliingia Siena na kuzoa watu wengi mno. Wasiena walikuwa wakijenga upya kanisa lao kuu ili liwe kubwa kuliko yote ya jirani. Kazi ilisimama na haikuendelea tena. Ukifika huko leo utauona ule ukuta mrefu wa kanisa ambalo halikumalizika, umesimama peke yake. Mtakatifu wenu alikulia mji wa namna hiyo, wa makaburi mapya na kazi zilizoachwa katikati, huku familia za wenye nguvu zikiuana mitaani kwa visasi.

Tunasimuliwa kwamba akiwa na miaka kama 6, akirudi nyumbani na kaka yake, alimwona Kristo juu ya paa la kanisa la San Domenico akimbariki. Baada ya hapo aliahidi kubaki bikira. Ahadi ya mtoto wazazi hawaitilii maanani, na Lapa alianza kumtafutia mume alipofika miaka 12 au zaidi kidogo, kama walivyofanya wote. Dada yake Bonaventura, aliyempenda sana, akafa kwa uzazi mwaka 1362. Wazazi wakazidi kusukuma ndoa. Katarina akachukua mkasi, akakata nywele zake zote.

Hapa pananigusa kila ninapopasoma. Lapa alipandwa na hasira. Wakamnyang'anya chumba chake ili asipate pa kusalia, wakamwondoa mtumishi wa jikoni, na kazi zote za nyumba kubwa ile zikawa zake: kupika, kufua, kuosha vyombo, kuhudumia mezani. Walidhani atachoka. Raymond wa Capua, muungamishi wake aliyeandika maisha yake, anasema Katarina alijipangia namna: baba yake amhesabu kuwa ndiye Kristo, mama yake ndiye Bikira Maria, kaka zake na watu wa nyumbani ndio mitume. Basi akapanda na kushuka ngazi na masahani kama anayehudumia Nazareti. Na kwa kuwa chumba kilichukuliwa, akajitengenezea kingine moyoni ambacho hakuna wa kumtoa. Maneno hayo, chumba cha ndani, chumba cha kujijua, yamo katika barua zake mpaka mwisho wa maisha. Kwa hiyo mama, ukiulizwa alisoma wapi, anza na jiko hili. Mafundisho yake makubwa yana harufu ya nyumba ile.

Baba ndiye aliyelegea kwanza. Akaamuru asisumbuliwe tena.

Jambo jingine ambalo picha zetu zinapotosha ni kwamba Katarina hakuwa sista wa konventi. Alijiunga na wanawake wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko ambao Wasiena waliwaita Mantellate kwa sababu ya majoho yao meusi. Wengi walikuwa wajane wa makamo, walioishi majumbani mwao, wakisali pamoja na kutunza wagonjwa. Mwanzo hawakumtaka. Msichana mbichi wa ujana ule angewaletea maneno. Walimkubali alipougua na uso wake kuharibika kwa vipele, wakaona hatakuwa kishawishi kwa mtu. Alikuwa mlei kama wewe mama, na kama wote watakaokaa kwenye mikeka siku ya sikukuu yenu. Lisemeni hili kwa sauti.

Miaka kama 3 alijifungia chumbani, akitoka kwa ajili ya Misa tu. Huko alilipata neno ambalo Raymond anasema ndilo msingi wa yote, kwamba Mungu alimwambia: wewe ndiwe usiyekuwako, Mimi ndimi Niliyeko. Mwaka 1368 hivi ikaja ile ndoa ya kiroho inayochorwa sana, Kristo akimvisha pete. Wachoraji huishia kwenye pete, na mimi naona wangechora kinachofuata. Mara baada ya hapo Kristo alimwambia atoke, akale mezani na wenzake, akawahudumie watu. Alilia, hakutaka. Akatoka.

Alikwenda hospitali ya Santa Maria della Scala, iliyotazamana na kanisa kuu, na kwenye nyumba ya wakoma nje ya mji. Huko alikuwako mwanamke mmoja, Tecca, ambaye hakuna aliyetaka kumgusa. Katarina alimwosha na kumpikia asubuhi na jioni. Tecca, badala ya shukrani, alimtukana. Akichelewa kidogo kanisani alipokewa kwa kejeli: malkia wa Fontebranda amekuja, ameshiba mapadre wake? Lapa alipiga kelele kwamba mtoto ataambukizwa, na kweli mikono ya Katarina ilianza kutoka madoa. Hakuacha. Tecca alipokufa alimwosha, akamzika kwa mikono ile ile, na inasimuliwa kwamba madoa yaliondoka.

Sasa swali lako la shule. Alijaribu kujifunza alfabeti kwa msaada wa rafiki, wiki nyingi zikapita bila mafanikio. Akaacha, akaomba, na baadaye akaweza kusoma Zaburi na Masifu kwa haraka. Raymond, mtu makini, anaongeza kwamba alisoma maneno mazima lakini ukimwambia ayatamke herufi kwa herufi alishindwa. Kuandika alianza akiwa mtu mzima, mwaka 1377, na hata hapo barua karibu zote alizitamka kwa mdomo, wengine wakaandika. Waandishi wake walikuwa vijana wa Siena na Florence, akina Neri di Landoccio, Stefano Maconi na Barduccio Canigiani. Mmoja wa vijana hao, Francesco Malavolti, anashuhudia kwamba aliwahi kuwatamkia waandishi watatu barua tatu tofauti kwa wakati mmoja.

Lakini kutokwenda shule si kutofundishwa. San Domenico ilikuwa dakika chache kutoka kwao, na watawa wa hapo, Wadominiko, kazi yao ni kuhubiri. Tangu utotoni aliwasikiliza, na marafiki zake wengi walikuwa wasomi wa teolojia waliojibu maswali yake usiku na mchana. Aliyasikia Maandiko na mafundisho ya Augustino na Thoma wa Akwino kwa masikio, akayahifadhi, akayatoa kwa Kitoscana cha sokoni. Sisi tuliolelewa na bibi wasiojua kusoma lakini wenye utenzi mzima kichwani tunaelewa jambo hili bila kuelezwa sana.

Ameacha barua zaidi ya 380, sala 26, na kitabu kimoja kikubwa, Mazungumzo, alichowatamkia waandishi wake mwaka 1377 na 1378. Humo roho inauliza na Mungu Baba anajibu. Picha kuu ni daraja: mto wenye nguvu umewatenganisha watu na mbingu, na Mwana ni daraja lililotandazwa juu yake. Lina ngazi tatu, miguu yake iliyopigiliwa, ubavu wake uliochomwa, na kinywa chake chenye amani. Kama madaraja ya Toscana ya siku zile, juu yake kuna duka, ndilo Kanisa, linalowapa wasafiri chakula wasizimie njiani.

Kwa jumuiya yenu ningechagua mahali pengine katika kitabu hicho, sehemu ya mwanzo. Mungu anasema kwamba angeweza kumpa kila mtu kila anachohitaji, kwa mwili na kwa roho. Hakutaka. Alimpa huyu hiki na yule kile, ili watu walazimike kuhitajiana na kupendana, wapende wasipende. Na kwamba kila fadhila hupitia kwa jirani, na kila dhambi hupitia kwa jirani pia. Mtu hawezi kumpa Mungu faida yoyote, basi deni lake kwa Mungu analilipa kwa mtu aliye karibu naye. Nimewafundisha makatekista historia ya Kanisa kwa miaka mingi na sijakutana na maneno yanayoeleza jumuiya ndogo ndogo vizuri kuliko haya, na yamesemwa na mwanamke aliyewahi kumwosha Tecca.

Kuna barua moja ningependa uijue hata kama hutaisoma mbele ya watoto. Siena ilimhukumu kukatwa kichwa kijana mmoja wa Perugia kwa makosa ya kisiasa. Wasimulizi wanamtambua kuwa Niccolò di Toldo. Alikuwa na hasira na hofu, hakutaka padre. Katarina alikwenda gerezani. Kijana akaungama, akapokea Komunyo, akamwomba kitu kimoja: usiniache, kaa nami. Siku ya kifo Katarina alitangulia pale mahali, akalaza shingo yake mwenyewe juu ya gogo, akaomba. Kijana akaja, akacheka kumwona, akamwomba amfanyie ishara ya msalaba. Katarina akamwinamia, akamkumbusha damu ya Mwanakondoo. Kinywa cha kijana kilisema Yesu na Katarina tu, na kichwa kikaangukia mikononi mwake. Anamwandikia Raymond kwamba hakutaka hata kuiosha ile damu nguoni. Hakumwokoa na kifo. Alikaa naye, kama alivyoombwa.

Mtu wa namna hii ndiye aliyemwandikia Papa, na sasa nijibu swali lako la pili. Tangu mwaka 1309 mapapa waliishi Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo. Miji ya Italia, Florence ikiongoza, ilikuwa vitani na Papa Gregori XI, na Florence ilikuwa imewekewa marufuku ya ibada. Katarina alifika Avignon tarehe 18 Juni 1376 kama mpatanishi. Papa hakujua Kitoscana, yeye hakujua Kilatini, Raymond akawa mkalimani. Upatanisho ulishindikana, maana mabalozi wa Florence walipofika hawakumtambua. Lakini tarehe 13 Septemba Gregori aliondoka Avignon, na tarehe 17 Januari 1377 akaingia Roma.

Je, alimwamuru? Hapana, na ningeomba msiseme hivyo. Gregori alikuwa amekusudia kurudi tangu zamani, na Birgita wa Sweden aliwahi kuwahimiza mapapa jambo hilo hilo kabla ya kufa mwaka 1373. Kilichomfunga Gregori ni woga, maana jamaa zake na makardinali walimvuta joho abaki. Katarina alimpa moyo. Na msikie anavyomwita: katika barua anamwita Kristo mtamu duniani, kisha babbo, neno ambalo mtoto wa Toscana humwita baba yake nyumbani. Ni baba yetu hii hii tunayoijua. Babbo wangu mtamu, anasema, halafu anamwambia wazi kwamba wachungaji wabaya wanaharibu bustani ya Kanisa, awang'oe, na asiwe mtoto mwoga bali awe mwanamume. Aliweza kusema hivyo kwa kuwa hakuna siku alimwona kama adui. Ukali wake ni wa binti anayemwona baba yake anapotea. Ukiyaondoa mapenzi hayo unabaki na mwanaharakati ambaye Katarina asingemtambua.

Tena kuna jambo ambalo watoa mada wengi hulipita kimya. Barua zake zinadai pia vita vya msalaba. Alimwandikia hata John Hawkwood, Mwingereza kiongozi wa askari wa kukodiwa waliokuwa wakiiteketeza Italia, aache kuua Wakristo wenzake aende ng'ambo kupigana. Aliona ni njia ya kuleta amani nyumbani, na pengine njia ya yeye mwenyewe kufa shahidi. Tunaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, tunaozikana na kualikana Idi na Krismasi, hatuwezi kulisoma hilo na kuitikia amina. Utakatifu wake haukumtoa katika karne yake. Mkiulizwa, jibuni hivyo, msilifiche.

Gregori akafa Machi 1378. Aprili akachaguliwa Urbano VI, mtu wa kutaka marekebisho lakini mwenye ulimi wa moto, aliyewatukana makardinali hadharani. Kabla mwaka haujaisha makardinali walimkana wakamchagua mwingine, Klementi VII, aliyerudi Avignon. Kanisa likawa na mapapa wawili, na mfarakano ule haukuisha mpaka Mtaguso wa Constance, mwaka 1417. Urbano alimwita Katarina Roma, naye akafika Novemba 1378 na kuanza kuandikia wafalme, malkia, watawa na miji, akiwasihi wasimwache Papa halali.

Kwa Urbano mwenyewe alituma zawadi pamoja na barua. Yalikuwa machungwa makali matano, yale tunayoyaita madanzi, yaliyopikwa kwa sukari na kupakwa dhahabu. Anamweleza mapishi hatua kwa hatua: danzi ni chungu kwa asili yake, ukilichemsha maji yanautoa ule uchungu, unalijaza vitu vitamu na vya nguvu, nje unalipamba dhahabu. Kisha anaonyesha jinsi maji ya neema yanavyoweza kuutoa uchungu wa nafsi. Papa mwenye hasira anaambiwa habari za hasira yake kwa njia ya tunda, na binti wa mtia rangi aliyejua vizuri kitu kinavyobadilika ndani ya maji ya moto. Sijui barua nyingine ya kumwonya mkubwa iliyo na adabu kama hiyo.

Mwanzoni mwa 1380 mwili ulikuwa umekwisha. Anamwandikia Raymond kwamba kila asubuhi baada ya Misa ungemwona maiti akitembea kwenda kwa Mtakatifu Petro, akabaki huko akiombea jahazi la Kanisa mpaka jioni. Akafa tarehe 29 Aprili 1380, miaka 33. Mapapa bado walikuwa wawili. Wakumbusheni hilo wanajumuiya wanaosema sala ya mtakatifu haishindwi.

Sasa turudi kwa binti yako. Ni kweli Katarina alikula kidogo sana tangu ujana, na miaka ya mwisho karibu asile kabisa. Raymond anaandika hivyo, na wengi waliishangilia habari hiyo. Lakini yeye hakuishangilia. Mtu mmoja wa dini huko Florence alipomwandikia kwa wasiwasi, alimjibu kwamba amemwomba Mungu na anaendelea kumwomba amjalie kula kama viumbe wengine, na kwamba kila siku, mara moja au mbili, anajilazimisha kula. Aliuita udhaifu. Chakula kilimtesa, na kwa maoni yangu saumu kali alizozianza akiwa msichana ziliuvunja mwili wake usirudi tena. Alikufa na miaka 33, mama. Tusimfundishe mtoto yeyote kwamba hilo ndilo la kuiga.

Na mwenyewe hakutaka liigwe. Daniella, mtawa wa Orvieto, alijitesa kwa saumu mpaka akafadhaika alipozuiwa. Katarina alimwandikia barua ndefu kuhusu busara. Toba, anasema, ni chombo cha kazi, si jengo lenyewe. Anayeiweka kuwa msingi atatafuta mapenzi yake mwenyewe, atawahukumu wasiofanya kama yeye, na siku atakapozuiwa atakosa amani. Kisha anatamka waziwazi: mwili ukidhoofika na kuugua, mtu asiache kufunga tu, bali ale na nyama, na ikiwa mara moja kwa siku haitoshi, ale mara nne. Asiyeweza kusimama asali ameketi, asiyeweza kuketi asali amelala.

Mara nne, tena nyama. Hayo ni maneno ya somo wake. Daktari akishaanza kumsaidia na akili ikatulia, mpe barua hiyo. Paroko wako pia anaweza kumwambia, kwa mamlaka yake, kwamba kwa sasa hana ruhusa ya kufunga. Binti anayempenda Mungu hivyo atasikia.

Yaliyofuata kifo chake ni mepesi kueleza. Mwili uko Roma, kanisa la Santa Maria sopra Minerva, na kichwa kiko Siena, San Domenico. Lapa alikuwa bado hai wakati bintiye anakufa, naye alikuwa amevaa joho jeusi la Mantellate, yeye aliyewahi kumfungia jikoni. Papa Pio II, mtu wa jimbo la Siena, alimtangaza mtakatifu mwaka 1461. Ni msimamizi wa Italia pamoja na Fransisko wa Asizi tangu 1939, na tangu 1999 mmoja wa wasimamizi wa Ulaya. Tarehe 4 Oktoba 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, wiki moja baada ya Teresa wa Avila. Kabla ya hao wawili hakuna mwanamke aliyewahi kupewa jina hilo. Baadaye wakafuata Teresa wa Mtoto Yesu mwaka 1997 na Hildegard wa Bingen mwaka 2012. Cheo hicho hakipimwi kwa shule. Kanisa hutazama utakatifu wa mtu, uzito wa mafundisho yake, na kama yanafaa kwa Wakristo wote.

Utaletewa pia ule msemo unaozunguka kwenye simu, kwamba ukiwa vile Mungu alivyotaka uwe utaiwasha moto dunia. Katarina alimwandikia Stefano Maconi, na alisema kwa udogo zaidi: mkiwa vile mnavyopaswa kuwa, mtatia moto Italia yote. Alimaanisha nchi aliyoijua, yenye vita aliyoiona kwa macho. Someni hivyo hivyo, kisha mtaje mtaa wenu mahali pa Italia.

Mkitaka picha ya kuweka mezani siku ile, acheni zile za pete na taji. Tafuteni ile iliyochorwa ukutani San Domenico na Andrea Vanni, mchoraji aliyemfahamu na kupokea barua zake. Katarina amesimama na joho lake jeusi, mkono mmoja ameshika yungiyungi. Mkono wa pili ameunyosha chini, na mwanamke aliyepiga magoti ameugusa kwenye vidole.